Kadi ya gobori

"Lishike tu, haliumi," mzee aliniambia, na mimi nikarudisha mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo vya wageni.

Nilikuwa nimepeleka vifurushi vitatu. Ndiyo kazi yangu, kuendesha gari la kusambaza mizigo kusini-magharibi mwa Ohio, mahindi kushoto, soya kulia. Duka lile nimelipelekea mizigo karibu mwaka mzima bila kupita kizingiti. Siku hiyo ya Novemba mvua ilikuwa ya barafu, bibi mwenye duka akaniambia ingia upate kahawa, nikaingia. Ukutani, juu ya rafu ya kofia za pembe tatu, nikaliona.

"Gobori!" Lilinitoka kwa sauti, kama mtu aliyemwona ndugu yake katikati ya fujo za stendi ya Ubungo enzi zile.

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye mtambo wa bunduki aliokuwa akiusugua. "Umeliitaje?"

Nikarudia. Naye akajaribu, go-bo-ri, akaridhika. Akapanda ngazi, akalishusha, akaninyooshea. Hapo ndipo mikono yangu ilipokwenda nyuma.

Hakukasirika. Alililaza juu ya kaunta katikati yetu. Akaniambia alilinunua miaka mingi iliyopita kule Friendship, Indiana, kwa mtu ambaye hakujua lolote zaidi ya kwamba limetoka Afrika. Kila bunduki dukani ina kadi ndogo ya maelezo, hilo peke yake halina.

"Niandikie kadi," akasema. "Mistari mitatu. Linaitwaje, lilifanya kazi gani."

Nikamjibu hilo dogo, kesho tu.

Ilinichukua wiki saba.

Duka la watu wanne

Kwa nje utadhani wanauza mbao. Ndani kunanukia mafuta ya kitani, nta ya nyuki na ngozi mpya. Droo moja imejaa mawe ya gumegume, ya kutolea cheche, meusi, kutoka Brandon, Uingereza. Nyingine ina ya rangi ya asali, ya Kifaransa. Fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti, zimo kwenye vikopo vidogo kama vya Zambuk. Pembe za ng'ombe za kuwekea baruti zimekwanguliwa hadi mwanga unapita. Mideki, fimbo za kushindilia, imesimamishwa ndani ya pipa kama miwa sokoni, unachagua iliyonyooka.

Mzee anatengeneza mitambo. Mwanawe anachonga vitako kwa mbao yenye mawimbi kama mgongo wa punda milia. Mjukuu wa kike anapokea maagizo ya mtandaoni na kugombana na wateja. Bibi anashona: mashati marefu hadi magotini, makoti, mifuko ya risasi.

Wateja ni wa namna mbili. Wapo wawindaji, maana Ohio wana siku zao maalumu mwanzoni mwa Januari za kuwinda paa kwa bunduki za kushindilia tu. Na wapo wanaovaa historia. Hao wikiendi huacha nyumba zao, wakalala kwenye mahema ya turubai, wakapika kwenye masufuria ya chuma na kupigana upya vita vilivyokwisha zamani. Mmoja alirudisha shati kwa sababu aliona mshono wa cherehani, akalaumu kwamba mwaka 1777 hakukuwa na cherehani. Kisha akaondoka na gari lenye viti vya kupashwa moto. Bibi alininong'oneza kwamba mishono ya ndani, isiyoonekana, yote anaipitisha kwenye cherehani.

Nyuma ya kaunta kuna picha ya vizazi vinne vya ukoo ule, kila mmoja ameshika bunduki ileile.

Mimi sina hata picha ya babu yangu akiwa ameshika jembe.

Halihesabiwi bunduki

Kitu cha kwanza nilichojifunza pale kiliniudhi, na naomba nikiri hivyo. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 haiyahesabu magobori kuwa bunduki. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, au nakala ya leo inayoshindiliwa kwa mdomo na kutumia baruti nyeusi, kwa serikali kuu ni kitu cha kale. Majimbo yana yao, lakini kwa jumla unaweza kuagiza na ikaletwa mlangoni.

Tena na mimi. Yale maboksi marefu membamba yenye muhuri wa Gardone Val Trompia, Italia, niliyokuwa nayabeba begani miezi yote ile nikidhani ni fito za mapazia, yalikuwa mitutu. Kinachotaka leseni ya serikali kuu ni kuuza baruti yenyewe, nayo wameihifadhi kwenye kibanda cha peke yake nyuma ya uwanja, mbali na nyumba.

Msomaji wa nyumbani hahitaji kuelezwa upande wa pili. Taarifa ya habari unaijua: watuhumiwa watatu, gobori moja, gololi kadhaa na vipande vya nondo, vyote vimepangwa juu ya meza, na kamanda wa mkoa yuko mbele ya vipaza sauti. Kitu kilekile. Huku kinapewa kadi, kule kinapewa namba ya kielelezo.

Sasa mikono yangu.

Barabara yangu ya kazi hupita Beavercreek mara tatu kwa wiki. Agosti 2014, ndani ya duka kubwa la mji ule, kijana mweusi alipigwa risasi na polisi akiwa ameshika bunduki ya upepo aliyoichukua kwenye rafu ya duka lilelile. Nayo sheria haikuihesabu bunduki. Aliyepiga simu polisi hakuwa anasoma sheria, alikuwa anaangalia mikono ya nani imeshika nini.

Sikumwambia mzee haya. Yeye aliniona mwoga wa bunduki, akacheka kidogo kwa wema. Ila bibi, aliyekuwa amekaa kwenye cherehani yake, alitazama mikono yangu, akatazama dirisha linaloangalia barabara, akainama kushona.

Kadi ya kwanza

Jumamosi nikakaa mezani na kalamu. Nilitaka kumwonyesha mzee kwamba gobori si kitu cha porini kilichookotwa. Nikaanzia Septemba 21, 1833, Maskati, siku Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alipotia saini mkataba na Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zilileta kitambaa, ndiyo maana hadi leo tunasema merikani. Lakini mkataba ule ulikuwa na kifungu kuhusu bunduki, baruti na risasi: katika kisiwa cha Zanzibar visiuzwe ila kwa serikali, na katika bandari nyingine zote za Sultani viuzwe kwa uhuru, kwa yeyote atakayetoa bei kubwa.

Bandari nyingine zote. Kilwa hiyo. Lindi hiyo. Njia ya kwenda kwetu Liwale.

Kisha nikaandika kuhusu Brussels, mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya yalikaa, pamoja na mengine, kuzungumzia biashara ya watumwa, yakapiga marufuku silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Marufuku hiyo ilikuwa na mlango. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuingia. Soma tena. Za kisasa hapana, za babu zao ndiyo. Birmingham ikaendelea kutengeneza, Brandon ikaendelea kuvunja mawe ya kutuletea.

Yaani tulibaki na gobori kwa sababu mtu alipima akaona haliwezi kumtisha.

Kadi ilifika mistari ishirini na mitatu. Nikaisoma nikaona ni hotuba. Isitoshe lile gobori la ukutani, ukitazama kitako chake, huenda lilipelekwa Afrika Magharibi na halikuwahi kuiona pwani yetu. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, ikafuliwa pamoja na suruali.

Bwana wa koti la bluu

Wiki ya tatu nilimkuta dukani mtu wa makamo, mweusi, mpana wa mabega, anapimwa koti la sufu la bluu. Bibi alikuwa na pini mdomoni. Nikakaa kungoja saini na udadisi ukanishinda.

Babu wa babu yake alitoroka shamba la bwana aliyemmiliki huko Kentucky akajiandikisha kwenye kambi ya jeshi ya Camp Nelson mwaka 1864. Weusi zaidi ya elfu kumi walipitia kambi ile kuingia jeshi la Muungano, lile la Kaskazini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, na kuandikishwa ndiko kulikowapa uhuru. Wake na watoto waliowafuata hawakuwa na uhuru huo. Novemba ya mwaka uleule jeshi likawatoa kambini watu wapata 400 kwenye baridi, wakafa 102. Alinisimulia huku amenyoosha mikono pembeni kama mtu anayesalimu amri, maana bibi alikuwa anapima kwapa.

"Nikivaa hili," akasema, "watoto wa shule hunikaribia wakaniuliza kama kweli tulikuwepo."

Halafu akanigeuzia swali. Na nyie, nani anavaa?

Nikamweleza Liwale. Boma la Wajerumani pale lilitekwa na kuchomwa moto Agosti 1905, na waliolitwaa walikuwa na mishale, mikuki na magobori haya haya. Nikamweleza Songea, kwamba Februari 27, 1906 walinyongwa watu 67, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika kwenye makumbusho ya Majimaji. Ngoma hupigwa. Siku ya Mashujaa nayo wazee na viongozi huweka mkuki na ngao, upinde na mshale.

"Na bunduki?"

Nikafikiri. Sikumbuki kuona gobori likiwekwa pale. Mkuki ni wetu bila ubishi. Gobori lilikuja na meli, na kabla ya kuelekezwa kwa Mjerumani lilikwisha kuelekezwa kwa wengi wetu, kwenye misafara ya pembe na watumwa, mbele ya rugaruga wa Mirambo, nyuma ya Tippu Tip ambaye mwenyewe alisema jina lake ni mlio wa bunduki zake. Na tukiamua kuvaa, nani atakubali kuvaa sare ya askari? Maana askari wa Mjerumani walikuwa weusi wenzetu.

Yule bwana alicheka kwa kelele hadi bibi akamwambia tulia nitakuchoma.

"Huku kwetu," akasema, "sare ya kijivu, ya waliopigania utumwa ubaki, haikosi mtu wa kuivaa."

Kadi ya pili

Nikaacha historia za dunia, nikaandika ya nyumbani. Hiyo ilitoka haraka, na nilimsomea mzee nikiwa nimesimama mlangoni, injini ya gari inanguruma nje.

Babu alikuwa na gobori. Mtutu wake ulikuwa bomba la usukani wa Land Rover. Alilindia shamba la mihogo na mpunga dhidi ya nguruwe na nyani. Mwaka 1989, wakati wa Operesheni Uhai, ule msako wa majangili wa nchi nzima, alilibeba mwenyewe hadi ofisi ya kijiji, amelifunga kwenye khanga ya bibi, akalisalimisha. Aliporudi alikaa chini ya mkorosho akalia. Nilikuwa na miaka 15, niliona.

Mzee alishika pale penye Land Rover. Aliniuliza kama bomba lile lilikuwa na mshono. Alipitisha kidole juu ya mtutu wa bunduki ya mezani, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho, akanieleza kwamba bomba lenye mshono hupasukia pale pale, na ukiwa na bahati linaondoka na vidole tu. Mtutu wa Gardone unapigwa kwanza kwa baruti nyingi kupita kiasi, ukistahimili ndipo unapigwa muhuri.

"Nani aliujaribu wa babu yako?"

"Babu."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa heshima. Akasema kadi ni nzuri, niiache.

Sikuiacha. Kitu kilinikereketa kuhusu ule mkorosho na yale machozi. Picha ilikuwa safi mno.

Simu ya Liwale

Jumapili nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi imekuua?"

Tukaenda na habari za mgonjwa huyu na msiba ule, mpaka nikalifikia. Nikamweleza duka, kadi, babu, machozi.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Nani alilia?"

"Babu. Chini ya mkorosho."

"Babu yako hakulia. Alilala. Usiku ule ndiyo nilimsikia anakoroma, mara ya kwanza tangu masika. Aliyelia ni wewe, ulitaka urithi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Lile gobori, akasema, nguruwe liliwajua, lakini halikuwa linalala nyumbani. Lilikuwa linaazimwa. Watu walilichukua wakavuka kwenda Selous, wakarudi baada ya wiki mbili usiku, wakalirudisha pamoja na fungu la mwenye mali. Babu hakuvuka hata siku moja. Alikuwa anakaa nyumbani anangoja, na kila gari lililopita barabarani lilimwamsha.

"Kwa hiyo tembo," nikasema.

"Wewe ulikwenda kidato cha kwanza mwaka gani?"

"Themanini na nane."

"Tranka, godoro, sare, ada. Unadhani vilitoka wapi?"

"Korosho."

"Korosho gani, mwanangu? Mikorosho yote ilikuwa na ugonjwa wa ubwiri unga."

Selous ilihesabiwa tembo takriban 109,000 mwaka 1976. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki kama 30,000. Namba hizi nilizijua muda mrefu, nimewahi hata kuzitumia kwenye mabishano na watu, nikiwalaani majangili kwa herufi kubwa. Sikuwahi kufikiri kwamba godoro langu la bweni limo ndani yake.

Nilikaa na simu sikioni. Baba mdogo, kama kawaida yake, alikwisha kuhamia jambo jingine. Nguruwe wameingia tena, wamekula mihogo ya upande wa mtoni yote, na tembo nao wamerudi, wanapita hadi nyuma ya nyumba za watu. Maofisa wa wanyamapori wako mbali. Wanapiga madebe, wanawasha moto, wanakesha.

"Hiyo bunduki ya huko bei gani?"

Nikamtajia nakala za Italia: zaidi ya dola elfu moja. Akapiga mluzi.

"Na huyo mzee analindia nini?"

"Halindii kitu, baba. Anapenda tu."

"Haya. Wewe nitumie tochi. Zile za kuchaji, zenye mwanga mkali. Mbili."

Kadi ya tatu

Wiki ya kwanza ya Januari duka lilijaa wawindaji. Fataki zilikuwa zimekwisha, mjukuu alikuwa anawaambia watu hivyo kwa lugha ambayo babu yake alijifanya haisikii. Niliweka vifurushi chini, nikatoa kadi. Nilikuwa nimeiandika kwa kalamu nyeusi, kwa Kiingereza, mistari mitatu kweli.

Gobori.
Kusini mwa Tanzania, na kwingineko.
Nguruwe, nyani, na mara nyingine tembo.

Nilifikiria sana mstari wa tatu ndani ya gari. Niliwahi kuufuta. Kisha niliona kwamba nikiufuta nitakuwa kama yule bwana wa shati, nadai ukweli wa mwaka 1777 huku nimekalia kiti cha moto.

Mzee alivaa miwani. Alisoma, akaweka kidole juu ya neno la mwisho, kidole kikakaa pale. Akanitazama juu ya miwani. Nikangoja swali. Mwanawe alipita katikati yetu na ngazi, akaibandika kadi ukutani kwa pini mbili, akapinda shingo kuona kama imenyooka.

"Hao nguruwe wenu," mzee akasema mwishowe, "wana ukubwa gani?"

Wawindaji wawili waliokuwa karibu wakageuka kusikiliza. Nikatoa mikono mfukoni, nikainyoosha juu ya kaunta, mmoja penye mkia, mwingine penye meno, halafu nikaitanua zaidi kidogo.

"Acha uongo," akasema bibi.